Siku Moja Maishani Mwangu: Mpiga Besi wa Jumamosi

Saa kumi na moja alfajiri ninaamka, si kwa ajili ya muziki bali kwa ajili ya stoo ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, ambako mimi ni karani na ambako Jumamosi tunafunga saa sita mchana. Bendi yetu ina watu saba na hakuna hata mmoja anayeishi kwa muziki: mpiga solo anafundisha hisabati sekondari, ndiyo maana tunamwita Mwalimu, mwimbaji ni fundi cherehani, na mpiga dramu anaendesha bodaboda. Tunapiga zilipendwa za miaka ya 1960 na 1970, na wapo wanaotuita wanamuziki wa kukopi, kana kwamba kukopi ni kubonyeza kitufe.

Saa saba mchana tunapakia vyombo Temeke katika Hiace ya kukodi, kwenda kupiga katika baa moja Morogoro. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu Morogoro upesi, lakini spika, dramu na tumba haviingii katika behewa la abiria, kwa hiyo sisi tumebaki kuwa watu wa barabara. Foleni ya kutoka mjini mpaka Kibaha inatuchukulia saa mbili nzima. Njia iliyobaki tunalala, isipokuwa Mwalimu, ambaye tangu Chalinze anarudia kipande kilekile cha gitaa kwenye simu yake.

Ana sababu ya kuogopa. Morogoro ni mji wa mwanamuziki Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Ni mji wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, aliyeipigia bendi ya Morogoro Jazz hadi alipounda yake, Super Volcano, mwaka 1973, na ambaye ajali ya gari ilimuua nchini Kenya mwaka 1979. Wasikilizaji wa huko wanalijua gitaa la solo kama wanavyoyajua maneno ya wimbo, na ukiruka noti moja ni kama umepita mbele ya mkubwa bila kumwamkia.

Saa kumi na mbili jioni, milima ya Uluguru ikianza kufifia gizani, tunafunga vyombo juu ya jukwaa la mbao lililoegemezwa kwenye makreti ya bia. Soketi ni moja, nasi tunaigawana na friji. Kila inapowaka, amplifaya yangu inanguruma. Mwenye baa amekataa kuizima, na kusema kweli bia ya moto ingemtia hasara kubwa kuliko besi yenye mngurumo.

Tunaanza saa tatu usiku. Saa mbili za mwanzo zinakwenda vizuri: rumba ya taratibu, watu wanatikisa vichwa, kisha sebene, sehemu ya kasi ya magitaa, watu wanainuka. Kazi yangu haionekani. Mpiga besi akiwa sawa, hakuna anayejua kwamba yupo. Akilitangulia tumba hata kidogo, wachezaji wote wanajikwaa na lawama inamwendea mpiga dramu. Katika meza ya ukutani ameketi mzee mmoja mwenye soda, na kila tunapofika mahali fulani katika wimbo mmoja wapo anainua kidole, kisha anakishusha.

Saa tano hivi anafika bwana mwenye meza ya watu wanane. Anambandika mwimbaji noti ya shilingi 10,000 kwenye paji la uso na kuomba jina lake litajwe, jambo ambalo ni la kawaida katika dansi, nasi tunalitaja. Anarudi: tumesahau kusema kwamba yeye ni mkurugenzi. Tunasema. Anarudi tena: tuwataje na shemeji zake, watatu, kwa kufuata umri. Mwimbaji anawataja, lakini anamtanguliza mdogo, na hapo inabidi wimbo uanze upya. Safari ya nne anataka kipaza sauti chenyewe. Mwimbaji anamtazama mwenye baa, mwenye baa anayatazama makreti yaliyo chini ya meza ile, kisha anatikisa kichwa kuashiria kwamba apewe. Bwana yule anaimba ubeti mmoja mara sita, kila mara akianzia ufunguo tofauti, nasi tunamfuata kama wachungaji wanaomfuata ng'ombe aliyeingia shamba la watu. Vidole vyangu vimeanza kuchubuka. Mpiga rithimu ameweka gitaa chini na kwenda msalani, wala sikumlaumu. Hatimaye umeme ukakatika, nami nilishukuru moyoni, lakini jenereta ilipowashwa alikuwa bado amesimama palepale, na safari hii anadai arudishiwe shilingi 10,000 zake kwa sababu shemeji hawakutajwa ipasavyo.

Tulimrudishia.

Sikumbuki vizuri tulimaliza saa ngapi. Huenda ilikuwa saa nane. Tulikuwa tumepatana shilingi 600,000, na gari pamoja na mafuta ni 250,000. Mwenye baa, kalamu sikioni, alikata 70,000 za chakula na soda, vitu ambavyo mchana kwenye simu alikuwa amesema tutapewa kama wageni wake. Kila mmoja alibaki na 40,000, kisha tukaanza kubeba spika zilezile ambazo usiku huongezeka uzito.

Chalinze tulisimama kunywa chai, alfajiri haijapambazuka. Mwimbaji hakuwa na sauti hata ya kuagiza, ikabidi aonyeshe chapati kwa kidole. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya gari, simu sikioni, akikirudisha kile kipande nyuma, akikisikiliza, akikirudisha tena.

“Yule mzee wa soda,” alisema mwishowe, “alikuwa sahihi. Pale tunaingia mapema.”