Siku moja kwenye banda la wachoraji wa tingatinga: twiga ni wa wote, jicho ni la mtu

Saa 12:30 asubuhi, Oysterbay, Dar es Salaam, jirani na Morogoro Stores. Kazi ya kwanza ni ufagio na maji. Sakafu inanyunyiziwa ili vumbi lilale, maana rangi ya mafuta inakauka polepole na kila chembe inayotua juu yake inabaki humo. Wapita njia wanaona wanyama wenye macho makubwa, wanadhani tunacheza.

Saa 1. Kutega turubai. Kitambaa cha pamba kinavutwa kwenye fremu ya sentimita 60 kwa 60, kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni. Anayeanza na kona ataishia na mikunjo. Halafu rangi nyeupe ya maji mkono wa kwanza, msasa laini, mkono wa pili. Ukiruka hatua hii kitambaa kinainywa rangi ya mafuta, na ule mng'ao ambao mteja anaulipia haupo tena.

Saa 2 chai na chapati, huku turubai za jana zikikaguliwa.

Edward Said Tingatinga alianza kuchora mitaa hiihii mwaka 1968, kwenye hadibodi za dari na kwa rangi za kung'aa za dukani, zile za kupaka baiskeli. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Ndugu na vijana aliowafundisha waliendelea, na mpaka leo tunafundishana kwa kunakili: kijana anaanza na rangi ya nyuma, anapewa madoa, mwisho anaaminiwa mnyama mzima. Wa nje akiona twiga ishirini ukutani anasema wote wanapiga fotokopi. Hajui kwamba sisi, kwa mbali tu, tunajua kila twiga ametoka mkono wa nani.

Saa 3 ni rangi ya nyuma, na hapa hisia ndiyo inayofanya kazi. Rangi mbili au tatu zinapakwa kwa mlalo kwa brashi ya inchi mbili, zinakutanishwa zikiwa bado mbichi. Tapentaini isizidi vijiko viwili vya chakula kwa kopo la nusu lita. Ikizidi rangi inachuruzika. Ukipaka nene nayo, juu inakauka kwanza kwa sababu ndiko hewa iliko, chini inabaki mbichi, na kesho uso wote una makunyanzi. Kuhusu rangi gani ikae na ipi, ninachowaambia vijana ni hiki: fungua makopo kabla hujaangalia picha ya jirani. Mkono ukienda kwenye zambarau, paka zambarau. Sababu utaitafuta kesho rangi ikishakauka, na kama haifai inafunikwa, si hasara kubwa. Anayeanza kwa kujiuliza ipi inauzika ataishia kwenye machweo ya chungwa na mbuyu mweusi, ambayo tayari yamejaa barabara nzima.

Saa 5 akaingia dalali wa maduka ya wageni, simu mkononi.

"Fundi, nataka kumi na mbili kama hii. Hii hii."

Kwenye simu kuna simba wa mchoraji mwingine, na kila mtu bandani anamjua ni nani.

"Simba nitakupa, bosi. Jicho hilo ni la mtu."

"Mtalii anajua jicho la nani?"

Hapo ndipo saa zinapoliwa. Anapiga simu kwa tajiri wake, anarudi. Anataka simba apanuliwe, halafu apunguzwe, halafu shingo iwe kama ya kwenye simu. Anaomba sahihi isiwekwe ili duka liweke ya kwake. Anaketi, anaagiza soda, anahesabu upya bei ya kumi na mbili ambazo hakuna aliyekubali kuzichora. Kutoelewa kwake si kwamba ni mtu mbaya; anauza, na kwake picha ni mzigo. Lakini mada ni ya wote: simba, mbuyu, Kilimanjaro, hakuna mwenye hati. Mkunjo wa shingo, nafasi kati ya doa na doa, jicho linakotazama, hivyo vina mwenyewe. Mwishowe ameacha malipo ya awali ya sita, simba wa mkono wetu, sahihi yetu. Wali maharage wa mama ntilie umeshapoa.

Mchana sijui tena ni saa ngapi. Joto, harufu ya tapentaini, na feni haiwashwi kwa sababu ya vumbi. Ni wakati wa madoa. Rangi ya nyuma ijaribiwe kwa kidole pembeni. Ikinata, doa litatanuka na kuwa kovu. Rangi ya madoa haizimuliwi. Inachotwa kwa ncha ya kijiti au kichwa cha msumari, na chombo kinafutwa kila baada ya madoa machache, la sivyo yanakua bila wewe kujua. Mkono ukianza kusita, acha. Doa la kujaza nafasi tupu linaonekana hata kwa asiyejua kuchora.

Kijana anauliza atajuaje mkono wake. Apange picha zake zisizo za oda, mnyama yuleyule, azigeuze juu chini ili asimwone mnyama bali mistari tu. Kinachojirudia bila kuagizwa na mtu, hicho akishike, hata kama wenzake wanakicheka. Mchoraji George Lilanga alianza na uchongaji, na mashetani wake wa Kimakonde wenye masikio makubwa aliwahamishia kwenye rangi. Huhitaji kusoma sahihi kuwatambua.

Jioni kuna picha ya mgeni anayesafiri usiku. Inabanduliwa kwenye fremu na kuviringishwa upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba pana, karatasi laini katikati; ukiiviringisha rangi ndani inabanwa na kupasuka. Picha yenye rangi mbichi haiviringishwi, hata mgeni akilia. Huyu yake imekauka tangu juzi. Salio lake amesema atatuma kwa simu akifika uwanja wa ndege, kwa hiyo bomba liko kwa dereva wa teksi na bado tunasubiri ujumbe.