Hini yapita wapi?

Siku 5 sasa na swali hilo bado lanikereketa.

Ijumaa, pilau ilipoondolewa, ami akaomba aione mashua yangu ya mfano. Ile ile niliyowachosha nayo tangu Ramadhani. Sentimita 40 kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, kipimo cha moja kwa ishirini. Mataruma, mbavu zake, 17, yote nimeyachonga kwa mkono kutoka mbao za sanduku la maembe. Mianya nimeitia kalafati ya uzi wa pamba uliorowa mafuta ya nazi, na tanga ni amerikani, nimelichovya kwenye chai ya rangi mara 3 mpaka likafifia nilivyotaka. Cha dukani humo ni gundi tu.

Ami kavua samaki tangu sijazaliwa. Alivua miwani (wazee wetu wakitaka kuona karibu huvua miwani, sijui huwaje), akaipindua, akapitisha kidole gumba kwenye mkuku. Akaiweka mezani, akaigusa kidogo.

"Hini yapita wapi?"

"Haipiti popote, ami. Ni ya kuweka kabatini."

"Aa."

Basi. Akaomba kahawa.

Lau angenitukana ningepona siku ile ile. Hiyo "aa" nimeoga nayo, nimeandika nayo ankara za watu. Jumapili usiku tuko nje ya wodi, dada kajifungua salama, mvulana, alhamdulillahi, nami kichwani naulizwa yapita wapi. Jumatatu tukaambiwa wanne watapunguzwa afisini. Nilikuwa bado najibu: ami, si kila kitu lazima kipite mahali!

Jana niko kwenye feri, narudi kutoka Likoni, nikaona mashua yageuza tanga. Kijana mmoja akaivuta foromali, ule mti unaobeba tanga, ikasimama, akaizungusha mbele ya mlingoti, ikaangukia upande wa pili. Ilipita kwa kuwa mlingoti wao umeinamia omo. Wangu umesimama wima kama ule wa bendera shuleni.

Ndipo nikakikumbuka kidole cha ami. Kilikuwa juu ya foromali aliponiuliza.

Hini! Foromali! Mzee alishatweka, alishatoka mlango wa bahari, yuwataka kugeuza tanga, foromali haina pa kupita, na mimi namjibu kabati. Nilicheka peke yangu mpaka mama mwenye kikapu cha mabibo akasogea mbali nami.

Usiku nikaung'oa mlingoti. Gundi nimeikwangua kwa wembe, na kidole nacho kikakwanguka. Sasa umeinama, umeegemezwa kibiriti mpaka ukauke. Ami sijampigia. Nataka aje mwenyewe, akae pale pale, nimpe kahawa kwanza.

Ila mfereji haujatoa hata tone tangu Jumapili, imebaki mitungi 2, na Jumamosi ni akika ya mtoto wa dada. Muuza maji wa mkokoteni simu yake imezimwa.