Kenchi namba 4 imekaa sawa, vigae nimeviacha

Mwanya umefunga. Wiki tatu nahangaika na kenchi moja tu ya paa langu (fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa), namba 4 kati ya 9, na leo jioni nimeweka rula kwenye ungio wa mbao yake ya chini nikasoma milimita 1 badala ya 8. Nimeshuka ngazi nikakaa sakafuni nikapumua.

Mpango wa mwanzo ulikuwa mwingine kabisa. Nilitaka kuezua bati za zamani, geji 30 (namba ya geji ikizidi bati ni jembamba zaidi), zimeliwa na kutu kila penye msumari, nipandishe vigae vya zege. Navipenda toka zamani, mvua ikinyesha mnaongea kawaida ndani hamna haja ya kupaza sauti. Ila nikasema kabla sijang'oa hata msumari nijue uzito, sio wa kuambiwa, nipime mwenyewe.

Kwa anayetaka kujaribu: usipime kigae kimoja kwenye mizani ya kupimia watu. Uzito mdogo hivyo mizani inababaika, mara 4 mara 4.8. Weka ubao juu yake, panga vigae 10, toa uzito wa ubao, gawa kwa 10. Mimi nilipata kilo 4.3 kwa kigae kikavu. Afu nikaviloweka kwenye pipa usiku kucha, asubuhi nikavipangusa nikapima tena, 4.6. Gramu 300 unaweza kuona si kitu, ila vigae vyangu vinaingia 10 kwa mita ya mraba, na paa langu likiangaliwa kutoka juu ni mita 10 kwa 8, mteremko digrii 22, kwa hiyo eneo halisi la kuezeka ni kama mita 86 za mraba (80 unagawa kwa 0.927, kosaini ya digrii 22, hapa wengi wanasahau wanapiga hesabu ya sakafu). Zidisha uone, maji tu yaliyonyonywa ni kilo 260 hivi.

Vigae vikavu paa zima ni tani 3.7. Bati la geji 28 pamoja na mapishano nimehesabu kilo 4 kwa mita ya mraba, jumla kilo 345. Vile vigae vya bati vyenye chembechembe za mawe juu ni kama kilo 7 kwa mita ya mraba, jumla 600. Sasa ishushe kwenye kenchi moja, zangu zimepishana mita 1.2 kwa hiyo kila moja inabeba mita za mraba 10 na ushee za paa: vigae ni kilo 445, bati ni 41. Yaani kwenye paa la bati fundi akipanda ana uzito kuliko bati zote zilizo juu ya kenchi aliyoikanyaga! Hiyo hesabu ilinikalisha.

Mafundi wawili niliowauliza wote walijibu mbao ni ngumu, zitabeba. Sikubaliani na jibu hilo. Mbao ikibebeshwa mzigo usioshuka hata siku moja inaendelea kupinda polepole miaka na miaka, na kama ilipigwa ikiwa mbichi ndio zaidi, kwa hiyo kubeba siku ya kupaua hakukuambii chochote kuhusu baadaye.

Ndio nikavuta uzi chini ya vilele vya kenchi kutoka ukuta hadi ukuta. Za katikati zote zimeshuka milimita 8 au 9, sawa, umri. Namba 4 imeshuka 19. Na hiyo ni chini ya bati chakavu jepesi kuliko yote niliyotaja!

Hapo ndio nilipotea. Nikadhani mchwa, nikachoma kila mbao kwa bisibisi, ngumu kama jiwe. Nikadhani ukuta umetitia, nikapima kwa mpira wa maji (bomba linaloonyesha ndani, maji yanasimama usawa mmoja ncha zote mbili), usawa uleule (na mpira wa maji nauamini kuliko pima maji yoyote kwa umbali wa mita 7, ubaya wake ni povu tu, ukiliona mwaga maji uanze upya). Nikadhani mbao za mteremko zimepinda, nikaziwekea uzi, zimenyooka. Kila kitu kizima na kenchi imeshuka. Usiku nawaza hiyo tu.

Jibu lilikuwa nyuma ya siling bodi. Mbao ya chini, ile inayolala kutoka ukuta hadi ukuta, ilikuwa fupi, ikaungwa ncha kwa ncha, na kilichoshika ungio ni kipande kimoja upande mmoja, urefu wa kiganja na nusu, misumari minne. Misumari imepinda yote kuelekea upande mmoja kama nyasi zilizolalia upepo, na kati ya ncha kuna mwanya kidole kinaanza kuingia. Milimita 8.

Watu wanaona ile mbao ya chini ipo kwa ajili ya kupigia siling. Hapana, ndiyo inayozuia miguu ya kenchi isitanuke, inavutwa muda wote. Ikirefuka milimita 8 kila mguu unatoka 4, na kwa mteremko wa digrii 22 kilele kinashuka 4 gawa kwa 0.404 (tanjenti ya digrii 22), milimita 10 kasoro kidogo. Kilele changu kimeshuka 10 zaidi ya wenzake. Nilirudia hesabu mara tatu, inakuja ileile, na sijawahi kufurahia namba kiasi hicho.

Kufunga mwanya sasa. Nilianza na jeki ya gari juu ya mrunda (nguzo ya mti), nasukuma ungio juu. Mbao inapanda, mwanya uko palepale. Siku mbili zimeishia hapo. Kumbe nanyanyua kitu kinachotaka kuvutwa! Nikabana mkanda wa kukazia mizigo, ule wa meno, kutoka mguu hadi mguu wa kenchi, nikaacha mirunda ibebe uzito, nikalegeza misumari ya bati pembeni ya kilele maana bati lenyewe lilikuwa limeshazoea umbo la kupinda na linagoma. Nikakaza meno mawili, nasubiri, mawili tena. Ulipofika milimita 1 nikabana mbao mbili za mita 1.2, kila upande moja, nikatoboa zote tatu kwa pamoja kutoka upande mmoja. Usitoboe kutoka pande mbili ukitegemea matundu yakutane katikati, hayakutani. Bolti za milimita 12, tatu kila upande wa ungio, na washa pana (vile visahani vya chuma vya chini ya nati).

Vigae basi. Ningevitaka ningehitaji mhandisi, kenchi mpya na kuta zikaguliwe, na mimi nilichokuja kubadili ni paa. Naweka bati geji 28. Nilikuwa nianze kuhesabu papi (mbao za kupigilia bati juu ya kenchi) wiki hii ila limenijia jingine: paa jepesi halina cha kulikalisha chini. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una msukumo wa kilo 55 hivi kwa mita ya mraba, na kwenye kingo za paa mvuto wa kwenda juu unaweza kuzidi hapo. Bati langu ni kilo 4.

Nikapanda na tochi kuangalia mtambaapanya (mbao inayolala juu ya ukuta, kenchi zinakaa juu yake) kwenye kona umeshikwa na nini. Waya wa kufungia nondo, mzunguko mmoja. Nimeugusa kwa kidole ukakatika, vumbi jekundu limebaki mkononi. Papi zisubiri, kesho naanza na kona hiyo.