Siku yangu na nyayo za watu

Saa moja na nusu asubuhi nishafika kliniki, hapa Lamu, nishapanga beseni, visu na pamba. Mimi ni muuguzi wa miguu ya wenye kisukari. Mtaani husema nakwangua nyayo, na kweli nakwangua: sugu ikiachwa, nyama huchanika chini yake na kidonda huanzia ndani, juu hukioni.

Mpaka saa nne ni kazi ya kila siku. Nabonyeza wayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa gramu 10. Asiyeusikia, mishipa yake ya fahamu ishaharibika. Misuli midogo nayo hunyong'onyea, vidole vikajikunja kama kucha za mwewe, uzito wote ukaangukia mahali pamoja.

Halafu akaingia nahodha mmoja mzee, kaletwa na bintiye. Mguu wa kushoto umevimba, mwekundu, hauna hata mkwaruzo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeteguka tu, nishakandwa."

Kukandwa! Nikapima joto: wa kushoto umezidi wa kulia kwa zaidi ya nyuzi 2. Daktari akaupapasa, akakubaliana nami: mguu wa Charcot. Mifupa hulainika na kuvunjika huku mtu anatembea, kwa kuwa hasikii maumivu, mpaka wayo ubinuke chini. Eksirei ya mwanzo yaweza isionyeshe kitu. Tiba ni plasta na kutoukanyaga, kwa miezi, hadi joto lishuke.

"Hauniumi. Utanifungaje kisichoniuma?"

Hapo saa zikapotea. Nikaeleza, akakataa. Nani atatia chombo baharini? Msikitini ataendaje, katika mji huu wa vichochoro na ngazi? Bintiye akalia. Adhuhuri ikaadhiniwa, foleni nje inanung'unika, mgongo unaniuma. Mguu unaouma haunitishi. Huu usiouma ndio unaoninyima usingizi.

Nikamvua raba ya kulia, nikaikung'uta. Ikadondoka kokwa ya tende. Kwenye wayo imeacha shimo.

"Umeivaa tangu lini hii, baba?"

Akaitazama kitambo.

"Tangu alfajiri labda. Sijaisikia." Kisha, "Haya, funga."

Tukamfunga hadi chini ya goti. Alasiri akaondoka juu ya punda, nami nikarudi kwenye foleni, miguu yangu mwenyewe imechoka. Wiki ijayo arudi, maana uvimbe ukishuka plasta hulegea ikachubua. Bintiye nimemwambia hata maji ya udhu amletee pale alipoketi.