Siku moja CTC: "Nesi, hizi dawa zenu ndo zinamuua"

Saa 1 na nusu asubuhi
Nafika CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, benchi zishajaa. Leo wapo wanaoanza dawa za VVU kwa iyo kabla ya kuita kadi natoa elimu, na kuna kipande sikirukagi hata foleni iwe ndefu vipi, kwamba waliokuja wamechelewa, CD4 (askari wa kinga kwenye damu) chini ya 100 na hasa chini ya 50, baadhi yao kuanzia wiki za mwanzo mpaka kama miezi mitatu wanaweza kuzidiwa kwanza ndo wapone. Wataalam wanaita IRIS, yaani kinga inaamka na kupigana kwa vurugu. Bora mtu alisikie kwangu kabla hajalisikia kwa jirani.

Saa 3
Kaletwa kaka wa bodaboda, kashikwa na mama yake. CD4 38 alipoanza. Alitangulia dawa za TB, baada ya wiki mbili akaongezewa ARV, zile dawa za VVU, akachangamka, akaanza kula, sa hivi homa imerudi na tezi za shingo zimevimba mpaka hageuzi kichwa. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, ila niambie ukweli, alikuwa anapona, mmempa hizi zenu ndo kawa hivi, si bora aziache?

Mama wa Kisukuma huwezi kumpa maneno ya semina. Nikamwambia mama, sungusungu wa kijiji walikuwa hoi, wezi wamejaa humo ndani wanakula raha, sasa hao sungusungu wamepata nguvu wameingia na marungu, wanapiga wezi lakini na milango inavunjika. Homa na uvimbe ni ile vurugu. ARV ndo zilizowanyanyua, tukiziacha wanalala tena. Akacheka kidogo, akasema haya, ila mlango ukivunjika sana nyumba itabaki? Swali la maana kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wenye vyeti.

Saa 4 na nusu
Sasa hapa ndo pa kuwa makini, mana kuna watu kila anayezidiwa baada ya kuanza dawa wanamgongea IRIS wanamaliza. Inabidi kwanza utoe mengine. Tumehesabu vidonge, tumechukua makohozi ya GeneXpert kucheki TB sugu kwa rifampisini (dawa kuu ya TB), kipimo cha fangasi wa ubongo kwenye damu, na nimemuuliza ile dolutegraviri (moja ya ARV zake) ya pili ya jioni anakunywa? Rifampisini inaishusha dolutegraviri, kwa iyo mwenye TB anameza miligramu 50 mara mbili kwa siku. Anakunywa, mama ndo anamsimamia. Daktari kamfungua mdomo na kumkagua ngozi yote akitafuta madoa ya Kaposi, ile saratani ya ngozi, sababu prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, inaichochea Kaposi vibaya. Hana. Tezi moja imelainika, ikavutwa usaha kwa sindano, prednisoloni ikaandikwa, dawa za TB na ARV zinaendelea kama kawa.

Saa 7 mchana
Dada mwenye mkanda wa jeshi ubavuni, mwezi wa pili wa dawa. Nayo ni kinga kuamka. Kapewa asaiklova na ya maumivu, kaondoka analalamikia bei ya nyanya.

Saa 8
Wodini ndugu wa mzee mmoja wamewaka, mgonjwa ana VVU mbona hamumpi ARV, mnamuua? Ana homa ya uti wa mgongo ya fangasi, kichwani ndo pabaya kupitiliza kwa vurugu kama hii. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotoka 2014 ulikatishwa mapema, waliowahishiwa ARV ndani ya wiki mbili walikufa zaidi, 45% kwa 30% ya waliosubirishwa. Kwa iyo tunatibu fangasi kwanza wiki nne mpaka sita. Nimewaeleza mara mbili, shangazi bado kanuna, simlaumu, mana miaka yote tumewahubiria anza mapema anza mapema.

Saa 10
Simu za waliopotea kliniki. Mmoja kapokea, yuko visiwani kwenye dagaa, tezi ya kwapa ilivimba akaacha zote, TB na ARV, kaambiwa alipewa dawa zilizoekspaya. Nilianza kubishana nae nikaona nitamkosa, nikamuuliza tu boti ya kuja mjini lini. Alhamisi. Nimemwandika kwenye daftari la Alhamisi, na mhudumu wa jamii wa kule nimemtumia meseji akamcheki kesho kabla ya boti.