Bibi yake Ibrahimu na nyanya yake Timotheo: mwaka wangu wa kwanza kufundisha watoto Dar

"Sasa hapo unakwenda misheni au unakwenda kutembea?" Mjomba wangu alinicheka hivyo nilipomwambia naogopa. Yeye ni mchungaji, na neno lake kwetu halipingwi. "Wenzako wanapelekwa kwa watu wasioelewana nao hata salamu. Wewe unapelekwa Dar es Salaam. Kiswahili unacho tangu chekechea. Shida iko wapi?"

Shida, mjomba, ilikuwa hicho Kiswahili chenyewe.

Mimi ni mtu wa Kitale. Nilipanda basi Nairobi, tukavuka Namanga, usiku nikashuka Mbezi na mabegi mawili na boksi la vitabu vya kupaka rangi. Chumba nilipata Manzese. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye akataka ya mwezi mzima iwe yake. Chumba chenyewe kilikuwa 80,000 hivi kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe. Akiba niliyodhani itanifikisha Pasaka iliisha wiki ya kwanza.

Mjomba alisema pia kwamba Mkenya haulizwi karatasi yoyote. Kuingia, ni kweli, huulizwi viza. Lakini ukija kufundisha kwa niaba ya kanisa, hata kama hulipwi senti, unahitaji kibali cha ukaazi daraja C, wanakowekwa wamisionari, wanafunzi na watu wa kujitolea. Kanisa lililonipokea ndilo lililoniombea. Kabla hakijatoka nilikaa kama mgeni: nahudhuria ibada, nala wali, nanyamaza.

Kunyamaza kulinifaa, maana nilipofungua mdomo tu niliharibu. Dukani nilisema, kama tunavyosema kwetu, "Nipe mkate." Mwenye duka, baba wa makamo, akanitazama juu mpaka chini. "Nikupe? Kwani uliniwekesha?" Kuanzia siku hiyo ni shikamoo baba, naomba mkate, ahsante baba. Watoto nao waliponiamkia shikamoo nilikuwa najibu "poa". Watoto wa miaka sita! Wakaenda kuwaambia mama zao kwamba mwalimu mpya hajui kuamkiwa.

Jumapili yangu ya kwanza kufundisha nilijiandaa hasa. Somo lilikuwa Ibrahimu na Sara, watoto kama arobaini wamebanana kwenye mikeka barazani mwa kanisa. Kwetu bara, mke wa mtu tunamwita bibi yake. Kwa hiyo nikaanza kwa sauti yangu nzuri: "Ibrahimu alikuwa na bibi, jina lake Sara. Bibi huyu alikuwa na miaka tisini." Wakatikisa vichwa. Wameelewa kabisa, bibi wa miaka tisini ni jambo la kawaida, wengine wanaye nyumbani. Nikaendelea: bibi akaahidiwa mtoto, bibi akacheka, bibi akamzaa Isaka. Katoto kamoja ka mbele, hata meno ya juu hakana, kakanyoosha kidole.

"Mwalimu, baba yake Isaka nani?"

"Ibrahimu."

"Ibrahimu alizaa na bibi yake?"

Mimi, kwa furaha yote ya mwalimu aliyepata swali zuri, nikajibu: "Ndiyo! Kwa Mungu hakuna lisilowezekana!"

Barazani kulitulia kimya ambacho sijakisikia tena tangu siku hiyo. Jioni mama watatu walikuwa mlangoni kwa mchungaji kuuliza ni Biblia gani hiyo niliyotoka nayo Kenya.

Nilipoeleweshwa kwamba hapa bibi ni mama yake mama yako, nikajiona nimepona. Nikafika Jumapili iliyofuata na somo la Timotheo na nikaliepuka neno bibi kama moto. Kwetu huyo mzee tunamwita nyanya. Basi nikawaambia kwamba imani ya Timotheo ilianzia kwa nyanya yake, Loisi, na kila mtoto amchore Timotheo akifundishwa na nyanya. Nilikusanya michoro nikiwa nimejaa fahari. Ilikuwa nyanya. Nyanya za kachumbari. Moja ilikuwa na macho na miwani, nyingine imefungwa kilemba cha kitenge, na zote zinamfundisha Timotheo kwa utii mkubwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Baada ya lile la Ibrahimu walishakubali kwamba kwangu lolote linawezekana.

Nilisoma baadaye kwamba kikao cha mwaka 1928 kilichochagua Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita cha Mombasa kikaachwa, kilifanyika Mombasa. Yaani tulifungwa nyumbani, na mimi ndiye nimekuja kulipa.

Mmisionari mwenzangu, mkongwe wa kazi hii, alinishauri nitumie Kiingereza, eti watoto wataniheshimu. Nilijaribu Jumapili moja. Hawa wanasoma shule za msingi za serikali, masomo yao ni kwa Kiswahili. Walinisikiliza kwa adabu yote, wakasimama, wakaniimbia "gudi mona ticha", wakaenda zao kunywa uji. Kamusi nayo niliibeba wiki mbili. Nikaanza kuongea kama taarifa ya habari ya redio, wakanicheka zaidi.

Akili ilinijia kwa muuza ubuyu. Nilinunua vipakiti vingi, nikavimwaga kwenye bakuli mbele ya watoto, nikatangaza sheria: neno lolote la mwalimu lililokosewa, wa kwanza kulishika anyooshe kidole, alisahihishe, apate ubuyu. Hapo ndipo darasa lilipoanza kweli. Watoto waliokuwa wanasinzia kwenye maombi sasa walikuwa wamenikazia macho kama paka anayevizia dagaa. "Mungu alimpea..." Vidole kumi na tano. "Alimpa, mwalimu, alimpa!" "Hiyo kitu..." Vidole. "Stima..." Vidole. Neno lililonifilisi ni "ako". Kwetu mtu ako, hapa mtu yuko, na ulimi wangu haukukubali. Walipogundua hilo wakaanza kunitega. "Mwalimu, eti Yona yuko wapi?" kwa sura ya upole kabisa. "Ako ndani ya samaki." Bakuli likavamiwa.

Mwezi wa kwanza ubuyu ulinila kama 20,000, pengine zaidi, sikuandika. Mzee mmoja wa kanisa alinung'unika kwamba nawafundisha watoto tamaa. Inawezekana. Lakini ukitaka kushika kosa lazima usikilize kila neno, na wale watoto walikuwa wanakwenda nyumbani wakisimulia somo zima, pamoja na makosa yangu, kwa mpangilio.

Jambo moja nilikuwa nimeliruka bila kufikiri. Nilipopelekwa kujitambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa (nenda mapema, usingoje kuitwa), aliniuliza swali moja tu: "Wazazi wanajua?" Nilikuwa sijui. Watoto wengi wa mtaa wetu ni Waislamu, na walikuja kwa sababu ya uji na mpira. Nikapita nyumba kwa nyumba. Mama mmoja, mwanawe anatoka madrasa alasiri anakimbilia kwetu, aliniambia bila kuzunguka: "Dada, kusoma na kucheza aje. Hadithi za dini yenu mniachie." Tukakubaliana Jumatano ni kusoma, hesabu na michezo kwa yeyote, Jumapili ni kwa wanaoletwa na wazazi wao. Tangu hapo huyo mama hunitumia maandazi, na siku za Ramadhani futari.

Michezo ya Jumatano ndiyo iliyoniokoa kwenye Nehemia, kitabu ambacho sikuwahi kuwaona watoto wakikipenda. Wasichana hapa wanacheza rede: mmoja katikati anajaza mchanga kwenye chupa, wawili wanamrushia mpira wa soksi kutoka pande mbili, anakwepa huku anajaza. Nilikuwa nimekaa pembeni na chai yangu ya rangi (ya maziwa nimeshasahau) nikaona kabisa: huyu anajenga ukuta wa Yerusalemu! Mkono mmoja kazi, mwingine kujilinda. Jumapili chupa ikawa ukuta, warushaji wakawa Sanbalati na Tobia. Nikawaambia Nehemia alimaliza kwa siku 52. Msichana mmoja alimaliza bila kuguswa hata mara moja, akasema Nehemia alikuwa mzembe.

Siku ya kuadhimisha mwaka wangu mmoja watoto walinikalisha kwenye kiti, wakaimba. Halafu yule pengo, ambaye sasa meno yameota, akaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akanipa kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nyanya yake Timotheo amekuja kukusalimia."

"Yuko wapi?" nikauliza.

Baraza zima likapiga kelele, kwa sababu sikusema ako. Nilifungua gazeti. Lilikuwa tungule jekundu, limeiva vizuri, na jioni nililikatia kachumbari.