Nilivyojifunza afya ya akili ya wanawake kwenye benchi la kliniki ya wajawazito

Mama alikuwa na siku sita tangu ajifungue. Hakuwa amelala kwa siku tatu, alikuwa akiongea bila kupumzika, na alishikilia kwamba mtoto aliyebebwa na bibi si yule aliyemzaa. Kwa mganga walishapita, na zahanati walishampa dawa ya malaria. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa wa magonjwa ya akili, katika hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania. Saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtoa mtu kwenye uhalisia, nilikuwa naijua. Nikaandika dawa, nikamlaza, mtoto akarudishwa nyumbani na bibi kwa sababu wodi yetu haikuwa na nafasi ya vichanga.

Sikuuliza kuhusu homa wala damu yenye harufu, na presha sikumpima mwenyewe. Asubuhi muuguzi wa zamu akaniambia, "Dokta, matiti ya yule mama yamekuwa magumu kama jiwe, analia. Na mtoto huko anapewa maziwa ya ng'ombe." Yule mama alipona. Lakini tangu siku hiyo nilijua kuna sehemu ya kazi yangu ambayo sikuwa nimefundishwa.

Kanada na Marekani kuna hospitali zinazompa daktari bingwa mwaka mzima au zaidi wa kujifunza afya ya akili ya wanawake tu. Uingereza wana wodi ambazo mama mgonjwa analazwa na kichanga chake. Mimi sikuwa na ada ya huko, na nina watoto wawili wa kulea. Basi nikamwomba msimamizi wangu kila Alhamisi niende kliniki ya wajawazito. Akakubali.

Wiki za mwanzo nilikaa tu kwenye benchi na kusikiliza. Mwalimu wangu alikuwa mkunga aliyekaribia kustaafu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliniambia ukweli bila kuupaka sukari. Siku moja nilimuuliza mjamzito kama anapigwa nyumbani, mama mkwe wake akiwa ameketi kando. Alijibu hapana. Mkunga akamwita chumba cha kupimia mkojo, mahali ambapo ndugu haingii, akarudi na jibu lingine. Ile njia ya chumba cha mkojo naitumia mpaka leo.

Kisha nikachukua dodoso la Edinburgh la kuchunguza sonona (huzuni kali inayodumu) baada ya kujifungua, maswali kumi kuhusu hali ya mama katika siku saba zilizopita, lililochapishwa mwaka 1987. Nilidhani kazi ni kulitafsiri tu. Kuna swali ambalo Kiingereza chake kinasema mambo yamekupanda juu. Wanawake walinitazama bila kuelewa. Nilipouliza, "Mambo yamekuzidi?" ndipo walipoanza kusema. Swali jingine linauliza kama umekuwa na hofu bila sababu ya maana. Mama mmoja alinijibu, "Sababu ninayo, dokta. Mume hana kazi na nyumba inadaiwa kodi." Akapata alama ndogo hapo, na alikuwa na sonona kali. Tangu hapo silihesabu dodoso kabla ya kusikia habari yenyewe. Swali la kumi, la kutaka kujidhuru, nalisoma hata kama mengine yote ni sifuri.

Nilifarijika nilipogundua kwamba John Cox, mmoja wa waliotunga dodoso hilo, alifanya utafiti Uganda miaka ya 1970. Waganda walimweleza kuhusu amakiro, ugonjwa wa mama baada ya kujifungua ambao unahusishwa na uzinzi wakati wa ujauzito. Kwetu pia mama akichanganyikiwa baada ya kuzaa, swali la kwanza la ukoo mara nyingi ni nani alitoka nje ya ndoa. Kwa hiyo ndugu nawaeleza mapema kwamba huu ni ugonjwa, unaompata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, na unatibika. Nisipofanya hivyo, mama anapona kwa dawa, kisha anarudi kwenye nyumba inayomshitaki.

Kilichonibadilisha zaidi hakikutoka kliniki ya wajawazito. Kilikuwa ndani ya mafaili yetu wenyewe. Wasichana wengi wenye kifafa au bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) walikuwa wanameza valproeti, na hakuna aliyewauliza kuhusu uzazi wa mpango. Dawa hiyo ikitumika katika ujauzito, karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro, na watatu hadi wanne kati ya kumi hupata shida za ukuaji wa akili. Uti wa mgongo hujifunga wiki nne tu baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Mama akifika kliniki na mimba ya miezi minne, tumeshachelewa. Na ukimhamishia kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, kumbuka inapunguza nguvu ya kijiti na vidonge vya kuzuia mimba. Sasa kila mwanamke wa umri wa kuzaa namuuliza anatarajia mtoto lini, na anatumia njia gani. Simwambii aache dawa ghafla, maana kifafa kisichodhibitiwa nacho kinaua.

Mwaka jana yule mama wa siku sita alirudi, mjamzito tena. Uwezekano wa ugonjwa kumrudia unaweza kufikia nusu. Nilikaa naye, mumewe na mkunga, tukaandika barua ya ukurasa mmoja: dawa ataanza lini, nani atambeba mtoto usiku ili yeye alale, dalili gani zikitokea aletwe bila kusubiri arobaini, na kwamba akilazwa mtoto asitenganishwe naye bila sababu ya usalama. Barua tuliibana kwenye kadi yake ya kliniki. Usiku wa tano baada ya kujifungua mumewe alinipigia simu, akasema mke wake hajapata usingizi. Tuliongeza dozi usiku uleule. Siku ya sita alikuwa amekaa kitandani, ananyonyesha, anauliza mtoto wake apewe jina gani.